Kitabu Hakijirudishi Rafuni

Kuna usemi uliochoka ambao kila anayezungumzia elimu yetu lazima aufukue: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Husemwa kwa kile kicheko cha kujidharau, na baada yake hufuata hotuba ya utamaduni wa kusoma. Sijawahi kuupenda. Lakini kama tumeamua kuuchukulia kwa uzito, basi tuulize swali ambalo hotuba hizo huliruka: kitabu chenyewe kiko wapi? Maana njia nyepesi kuliko zote ya kumficha mtu kitabu, awe Mwafrika au Mreno, ni kukiweka kwenye rafu isiyo yake.

Chukua historia ya Tanzania. Kwa mpangilio wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kulingana na somo lake na unaotumika katika maktaba nyingi za eneo letu, historia hiyo inakaa kwenye namba 967.8. Geuza tarakimu mbili tu, ya pili na ya tatu, zipishane, iwe 976.8, na umeipeleka Tennessee, Marekani. Kitabu hakijaibiwa. Kimo humohumo ndani ya jengo, kwenye orodha kipo, kompyuta inaapa kwamba kipo. Ila mwanafunzi wa kidato cha sita aliyepanda daladala mbili kukifuata hatakipata leo, wala mwezi ujao, mpaka atokee mtu wa kupita rafu baada ya rafu akisoma namba za migongoni, kimoja kimoja, akikute na kukirudisha kwao. Mtu huyo ni msaidizi wa maktaba.

Ninachotaka kusema ni hiki: tumezijenga maktaba zetu kwa kuhesabu majengo na vitabu, halafu kazi ya mikono na macho inayofanya vitabu vipatikane tukaiacha kwa mtu mwenye cheo cha chini, ngazi fupi ya kupanda, na asiyeulizwa chochote. Tunawalaumu wasomaji kwa kutokuja, na huku ile sehemu ya maktaba inayokutana na msomaji ndiyo tuliyoinyima watu na heshima.

Majina ya kazi hii ni mengi. Tanzania yupo mkutubi msaidizi, yupo msaidizi wa maktaba, kila mmoja na daraja lake. Kenya ni hivyohivyo, madaraja yakihesabiwa kwa namba za Kirumi. Wasomaji hawazijui tofauti hizo wala hawazihitaji. Kwao huyu ni dada wa maktaba, yule ni mzee wa kaunta. Mkutubi mwenye shahada yupo, lakini mara nyingi yuko ofisini na bajeti, vikao na barua za wizara. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu ya chuo asimwone hata siku moja. Wa kaunta atamwona kila siku, na akiulizwa baadaye kuhusu maktaba ya chuo chake, ndiye atakayemkumbuka, kwa wema au kwa ubaya.

Siku ya kazi huanza kabla mlango haujafunguliwa. Kuna magazeti ya leo ya kupigwa mihuri na kutandazwa, na ya jana ya kukunjwa na kuhifadhiwa. Kuna vitabu vilivyoachwa mezani jana jioni. Katika maktaba nyingi msomaji huombwa asivirudishe mwenyewe, kwa sababu akivirudisha atavipoteza, aviache mezani. Vinahesabiwa kwanza, maana kitabu kilichoachwa mezani ni ushahidi kwamba kilisomwa, kisha vinapangwa kwa namba kwenye toroli na kurudishwa. Maktaba isiyo na toroli hutumia mikono na kifua. Rafu za juu zinataka ngazi, na pasipo na ngazi kuna kiti. Rafu za chini kabisa zinataka magoti. Baada ya miaka ishirini ya kazi hii, mgongo na magoti yana habari zao za kusimulia. Na vumbi! Vumbi la karatasi za zamani si sawa na la barabarani. Linakaa kifuani. Barakoa na glavu, vitu vya bei ndogo, katika maktaba nyingi bado huombwa kama fadhila, ilhali Tanzania imekuwa na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003 na Kenya tangu 2007.

Mlango ukifunguliwa huanza kazi ya pili, ambayo ni watu. Kuazimisha na kupokea vitabu ndiyo sehemu nyepesi. Ngumu ni faini, kitabu kilichopotea, kurasa zilizokatwa kwa wembe, na ile fomu ya kuondokea chuoni ambayo haiishi bila saini ya maktaba. Mwishoni mwa mwaka wa masomo kaunta hugeuka uwanja wa mabishano. Aliyetunga kanuni ya faini hayupo hapo. Aliyepo ni msaidizi, ambaye hakuulizwa wakati kanuni inatungwa, hana mamlaka ya kusamehe hata shilingi, na ndiye anayetukanwa. Kisha wenye mamlaka huandaa semina kuhusu huduma kwa mteja na kumfundisha kutabasamu.

Maktaba za umma zina mzigo mwingine ambao hauandikwi popote. Wengi wanaoingia hawakufuata kitabu. Wamefuata meza, taa, na utulivu usiopatikana nyumbani kwenye chumba kimoja cha watu sita. Msimu wa mitihani ya kidato cha nne ukikaribia, viti hujaa tangu asubuhi na watahiniwa wenye madaftari yao wenyewe. Wapo wazee wastaafu ambao gazeti la maktaba ndilo gazeti lao. Wapo vijana wanaotafuta ajira na hawajui kupakia cheti kwenye tovuti ya maombi. Wanamwomba dada wa maktaba awasaidie, naye anawasaidia, kwa sababu kusema "hiyo si kazi yangu" mbele ya mtu mwenye shida kunahitaji moyo mgumu kuliko wa watu wengi. Watoto huachwa hapo Jumamosi na wazazi waendao sokoni. Na yupo yule mtu asiye na mahali pengine pa kwenda, ambaye leo yuko sawa na kesho anaongea peke yake kwa sauti, na mtu fulani lazima amwendee taratibu, bila kumdhalilisha, bila kuwatisha wengine. Hakuna muundo wa utumishi niliouona unaotaja kazi hiyo.

Wanaoidharau kazi hii husema ni ya kupanga vitabu tu, hata darasa la saba anaweza. Ngoja tuliangalie hilo kidogo, kwa sababu hapa ndipo dharau inapojifichua.

Melvil Dewey alichapisha mpangilio wake mwaka 1876, Marekani, kwa maktaba za watu wa kwake na wakati wake. Mgawanyo wake wa maarifa ulibeba dunia aliyoiona. Mamia ya dini, yaani namba 200 hadi 299, ziligawiwa hivi: Biblia na Ukristo zilipewa karibu zote, kuanzia 220 mpaka 280 na ushei, na Uislamu ukawekwa 297. Sasa wewe ni msaidizi wa maktaba Mombasa au Unguja, na vitabu vya fikihi, tafsiri, sira na tajwidi vinakuja kwa wingi. Vyote ni 297 nukta kitu, na kitu hicho kinaendelea kurefuka mpaka lebo haitoshi mgongoni. Fasihi ya Kiswahili nayo iko mkiani mwa mamia ya fasihi, 896.392. Waingereza wana 820 nzima, namba fupi inayosomeka kwa mbali. Riwaya, tamthilia na diwani za lugha inayozungumzwa na mamilioni zinasongamana nyuma ya tarakimu sita, na mtoto wa shule anayetaka riwaya aliyopangiwa na mwalimu anasimama mbele ya ukuta wa namba zinazofanana.

Msaidizi ndiye anayelitatua hilo, na hulitatua kimyakimya. Anavitoa vitabu vya Kiswahili vinavyoulizwa sana na kuviweka kwenye rafu ya peke yake karibu na kaunta, na kipande cha karatasi kimeandikwa kwa kalamu nene: RIWAYA ZA KISWAHILI. Vya kidato cha tatu na nne anavitenga. Anajua kwamba kitabu fulani cha jalada la kijani huombwa kwa rangi yake maana hakuna anayelikumbuka jina lake. Huo ni uamuzi wa kitaalamu wa jinsi ya kupanga maarifa kwa ajili ya watu fulani mahali fulani. Shule za ukutubi huufundisha kwa mihula. Tofauti ni kwamba aliyeufanya hana cheo cha kuufanya, hivyo hauandikwi, na siku akihamishwa mwenzake mgeni huirudisha rafu yote kwenye utaratibu wa kitabu cha namba, kwa nia njema kabisa, na wanafunzi wanapotea upya.

Hatukuanza hivi. Walioanzisha huduma za maktaba katika nchi hizi walijua kwamba jengo bila watu ni ghala. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963, na mwaka huohuo Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba. Kenya ilipitisha yake 1965. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam Desemba 1967, mafunzo ya wakutubi yalikuwa tayari yana miaka kadhaa. Cheti kilikuwa mlango: kijana aliyemaliza sekondari aliingia kazini, akajifunza huku anafanya, akapanda. Tanzania ilipata chuo chake cha ukutubi na nyaraka Bagamoyo mwaka 1989. Kenya mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imefungua kitivo cha sayansi za habari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Halafu mambo mawili yakagongana. Marekebisho ya uchumi yalizibana ajira za serikali, na maktaba hazikuwa na wa kuzitetea mezani. Wakati uleule vyuo vikaendelea kutoa wahitimu, kwanza wa cheti, kisha stashahada, kisha shahada. Nafasi hazikuongezeka kwa kasi ya vyeti. Matokeo yake ni kwamba leo utamkuta mwenye shahada anaomba kazi ya mwenye stashahada, mwenye stashahada anaomba ya cheti, na mwenye cheti, yule aliyekuwa mlango wa mfumo mzima, anaambiwa arudi shule. Si ushauri mbaya kwa mtu mmoja mmoja. Lakini ngazi ya namna hii ina kasoro ambayo siisikii ikisemwa: kila hatua ya kupanda ni hatua ya kuondoka kwenye rafu na kaunta. Msaidizi hodari, anayekijua kila kitabu na kila msomaji, hana namna ya kuongezewa mshahara wa maana akiwa msaidizi hodari. Ili alipwe zaidi lazima aache kufanya kile anachokifanya vizuri. Akijisomesha kwa fedha zake akarudi na stashahada, anaweza kukaa miaka akisubiri kubadilishiwa muundo, akifanya kazi ileile kwa mshahara uleule, cheti kipya kikiwa kabatini nyumbani.

Upimaji wa kazi nao hausaidii. Watumishi wa umma Tanzania siku hizi hujaza kazi zao kwenye mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya makaratasi ya OPRAS. Sina ugomvi na kupimwa. Lakini jaribu kuweka lengo la robo mwaka kwa kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Rafu zimesomwa na hakuna kitabu kilichopotea njia: utaandika nini? Kitabu hakikuliwa na mchwa kwa sababu mtu alikagua kona ile yenye unyevu. Mtoto alipata kitabu kwa dakika mbili badala ya kuondoka mikono mitupu. Basi msaidizi mwerevu hujifunza kuandika yale yanayohesabika, vitabu vilivyoazimwa, wasomaji walioingia, vikao vilivyohudhuriwa, na kidogokidogo hujifunza pia kuyafanya hayo zaidi na yale mengine pungufu. Hapo mfumo umefaulu kupima, na maktaba imekuwa mbaya zaidi.

Tazama pia tunavyotangaza maktaba mpya. Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni jengo la kujivunia na sitaki kulichafua. Takwimu hizo mbili zilipita kwenye kila chombo cha habari. Ya tatu, yaani watu wangapi watavirudisha rafuni vitabu vya wasomaji 2,100, sikuiona ikiandikwa, na nadhani hakuna mwandishi aliyeuliza. Mimi nami sikuuliza wakati ule.

Upande wa Kenya habari ina sura yake. Katiba ya 2010 ilizikabidhi maktaba kwa serikali za kaunti. Ukiifungua Jedwali la Nne utazikuta kwenye fungu moja na kamari, kasino, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video, kama moja ya burudani na huduma za umma. Pengine walioandika hawakukusudia neno, na kwa watoto wengi maktaba ni burudani kweli. Ila kwa mfanyakazi maana yake ilikuwa nzito. Aliajiriwa na bodi ya taifa. Kazi anayoifanya ikawa ya kaunti. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, swali la nani alipe mishahara, nani abebe pensheni, nani anunue hata gundi ya kubandikia lebo, likawa la mvutano wa miaka. Bodi inasema huyu sasa ni wa kaunti, kaunti inasema huyu bado ni wa bodi, na katikati amesimama mtu mwenye funguo ambaye saa mbili asubuhi lazima afungue mlango, maana wasomaji hawakusoma Jedwali la Nne.

Kenya hiyohiyo ndiyo yenye maktaba iliyopigwa picha kuliko zote za eneo hili: ya ngamia, iliyoanza Garissa mwaka 1996. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na vifaa, na msafara huenda mpaka mahali ambapo gari halifiki, kwa watu wanaohama na mifugo yao. Picha hizo zimezunguka dunia, na ngamia anazistahili. Lakini ngamia hajui kutandika mkeka, kupanga vitabu kivulini, kuandikisha majina ya waazimaji, kumsomea hadithi mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kuijua alfabeti, na baada ya wiki mbili kurudi palepale kukusanya vitabu kwa watu ambao huenda mvua imekwishawahamisha. Hayo ni ya wasaidizi wa maktaba na mchungaji wa ngamia, ambaye kwangu mimi ni mfanyakazi wa maktaba kama mwingine yeyote. Wanatembea juani, katika ukanda ambao kwa vipindi virefu usalama wake umekuwa wa mashaka, wakipakia na kupakua mzigo. Mfadhili akija huuliza bei ya ngamia.

Shuleni hali ni duni zaidi, na ninapita haraka kwa sababu haina mengi ya kuchambua. Katika shule nyingi za serikali Tanzania hakuna mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya maktaba. Kuna mwalimu aliyekabidhiwa funguo juu ya vipindi vyake vyote, na maktaba hufunguliwa anapopata nafasi, maana yake haifunguliwi. Kenya shule nyingi za sekondari huajiri msaidizi kupitia bodi ya shule, kwa fedha za shule. Fedha za serikali kwa wanafunzi zikichelewa, na huchelewa, yeye na mpishi na mlinzi ndio wanaoambiwa wavumilie. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na tulishangilia. Msaidizi aliyeajiriwa na shule binafsi au kwa mkataba wa mkononi alishangilia kama jirani tu wa mwenye sherehe.

Pengo la watu huzibwa vipi? Kwa wanaojitolea na kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kila mwaka vijana wa vyuo huja maktaba kwa wiki kadhaa za "field", na katika sehemu nyingi ndio wanaofanya kazi iliyolimbikizwa mwaka mzima: kuingiza kumbukumbu za kadi za zamani kwenye kompyuta, kubandika lebo, kuhesabu mali. Ni mafunzo mazuri yakisimamiwa. Yasiposimamiwa ndipo 967.8 inapokwenda Tennessee. Na wa kumsimamia kijana huyo ni nani? Ni msaidizi yuleyule, ambaye hajapunguziwa kazi nyingine yoyote ili amsimamie. Uingereza, baada ya bajeti za halmashauri kukatwa kuanzia 2010, maktaba nyingi zilifungwa na nyingine zikakabidhiwa kwa wanaojitolea. Huko walau palikuwa na kelele, maandamano na kesi mahakamani, kwa kuwa watu walijua wamenyang'anywa kitu. Sisi tumefika mahali palepale bila tangazo.

Kuna jambo moja ambalo huwa linawaudhi wasaidizi wa maktaba kuliko wageni wanavyodhani, nalo ni kontena la vitabu vya msaada. Yapo mashirika makini: Book Aid International, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1954, limekuwa likileta vitabu vilivyochaguliwa kwa maktaba za eneo hili kwa miaka mingi. Lakini si kila kontena limetoka kwa aliyechagua. Lingine ni la mtu aliyesafisha nyumba yake huko ng'ambo. Sherehe ya kukabidhi hufanyika, picha hupigwa, mgeni rasmi huondoka, na masanduku hubaki na msaidizi. Yeye ndiye wa kuyafungua, kupiga mihuri, kuandika kwenye leja, kutoa namba na kubandika lebo, akigundua njiani kwamba kitabu cha kumi ni mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokwishakufa, na cha kumi na moja ni wa kujaza fomu za kodi za jimbo fulani la Marekani. Akishakiandika kwenye leja ya serikali kimekuwa mali ya umma, na kukiondoa kunataka kibali na kamati. Hivyo kinakaa, kinakula rafu, na takwimu za maktaba zinapanda.

Teknolojia imesaidia, lakini si kwa namna ilivyouzwa. Programu ya kuendeshea maktaba iitwayo Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo haina ada ya leseni, imeingia katika vyuo vyetu vingi. Sasa msomaji anatafuta kitabu kwa simu. Tuliambiwa kazi ya kaunta itapungua. Kilichotokea ni kwamba aina ya maswali imebadilika: sasa ni nenosiri lililosahaulika, makala isiyofunguka, intaneti isiyoshika, na umeme ukikatika daftari la zamani linatolewa kwenye droo na yote yaliyoandikwa humo yataingizwa kwenye mfumo umeme ukirudi. Msaidizi aliyeajiriwa akiwa na cheti cha enzi za kadi amejifunza yote haya kazini, mara nyingi kwa kuelekezwa na mwenzake mdogo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameyajua.

Hilo la mwisho lina dawa, wala si ya kubuni. Mwaka 2010 chama cha maktaba cha Marekani, kupitia taasisi yake dada, kilianza kutoa vyeti kwa wafanyakazi wasaidizi kwa kuonyesha stadi walizonazo, bila kuwataka kwanza wawe na shahada. Cheti peke yake hakimlazimishi mwajiri kuongeza hata senti, na nisingependa tukinakili halafu tukae tukidhani tumemaliza. Tanzania tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa mafundi magari, waashi na wapishi. Sioni kwa nini fundi wa rafu asiwemo. Na muundo wa utumishi ungeweza kuwa na daraja la juu la msaidizi, lenye mshahara unaolingana na mkutubi anayeanza, kwa mtu anayebaki kaunta kwa hiari yake na kuifanya kaunta iwe na maana. Wenye shahada hawatafurahi. Ninawaelewa, maana nao wanagombania nafasi chache, lakini maktaba haikuwekwa ili kuwapa wahitimu vyeo.

La haraka zaidi halihitaji hata sheria. Andiko lolote la mradi wa maktaba, liwe la wizara, la maktaba mpya ya halmashauri au la kontena la mfadhili, likija mezani bila safu inayosema wasaidizi wangapi, wanalipwa na nani, kwa miaka mingapi, lirudishwe kwa aliyelileta. Afisa bajeti anaweza kuanza kufanya hivyo mwaka huu wa fedha. Mfadhili atanung'unika, kwa sababu mshahara haukatiwi utepe. Basi autafutie utepe mahali pengine, na vitabu vyake avitunze mpaka apatikane wa kuvipokea.